Hilux, rimu za kiwandani inchi 17: nifunge tairi gani?

Mkulima_Mangola: Wakuu, tairi zangu 265/65R17 zimekuwa vipara. Nabeba vitunguu Mang'ola hadi Karatu, njia ya mawe na vumbi. Fundi anasema nifunge 285/70R17. Rimu sibadilishi. Zitakaa?

Babu_Spana: Mkuu, achana na 285. Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 831. Ukikata kona na mzigo itasugua madigadi, na mlimani gari litakuwa zito. Chukua 265/70R17. Upana ni uleule, rimu inaipokea, gari linapanda kama sentimita 1.3. Ila spidomita ikisoma 100, wewe uko 103 hivi.

Cha muhimu kuliko vyote ni uzito! Namba inayofuata saizi isipungue 112, yaani kilo 1,120 kwa tairi moja. Watu wanaangalia kashata (meno ya tairi) tu, halafu tairi inapasuka na mzigo.

Mama_Fuso: Soma na tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 2319 ni kwamba imetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2019. Hiyo imezeeka, usinunue.

Mkulima_Mangola: Asanteni. Spea ya zamani nibaki nayo?

Babu_Spana: Hapana, nunua tano. Saizi tofauti ukiweka foo-wili inaumiza difu (gia za ekseli).