Naombeni ushauri: nimshukuruje mwalimu wa mwanangu isije ikaonekana natoa rushwa?

Mama Wawili, Mikindani

Habarini za jioni ndugu zangu. Naombeni mawazo yenu, maana nyumbani tumeshindwa kuelewana.

Mwanangu wa kwanza yuko darasa la nne, shule ya serikali. Alipoanza la tatu mwaka jana alikuwa hajui kusoma kabisa. Silabi alizikariri kama wimbo, ukimwonyesha moja ya katikati anakwama. Mwalimu wake wa Kiswahili akaanza kumbakiza baada ya vipindi, yeye na wenzake wachache, wanakaa chini ya mwembe wanasoma. Hakutudai hata shilingi.

Mwezi huu bibi yake karudi kutoka chama cha msingi kupima korosho, mtoto kaichukua stakabadhi kamsomea yote: jina, kilo, daraja. Mama mkwe wangu hajui kusoma, miaka yote alikuwa anawaomba watu baki wamsomee. Jioni ile nililia.

Sasa hela ya korosho ikiingia benki nataka nimpelekee mwalimu doti ya kitenge, korosho zilizobanguliwa na elfu hamsini kwenye bahasha. Mume wangu hataki hata kuisikia hiyo bahasha. Anasema ni rushwa, tena ukizingatia mwanetu wa pili anaingia darasa la tatu Januari na atafundishwa na mwalimu huyohuyo. Huku kwenye kundi letu la WhatsApp la wazazi kuna hoja kila mmoja achange elfu kumi, mwalimu wa darasa apewe zawadi siku ya kufunga shule. Natamani sana kutoa, ila sitaki kumponza mwalimu wa watu. Nifanyeje?

Ticha wa Nachingwea

Mama Wawili, hongera kwa mtoto. Mimi ni mwalimu wa msingi na nakuomba bahasha uiache. Shida za hela tunazo, hilo halifichiki. Lakini mwezi wa tatu mwalimu akikuita kukwambia huyu mdogo haleti kazi za nyumbani, ile elfu hamsini itamfunga mdomo. Atalainisha maneno, na atakayeumia ni mwanao. Watoto nao wanaona kila kitu. Akiteuliwa kiranja, wenzake watasema mama yake alileta hela.

Kitenge na korosho sina tatizo navyo, ila pitia kwanza kwa mwalimu mkuu, umweleze, akikubali mkabidhi palepale ofisini walimu wengine wakiwepo. Usimpelekee nyumbani kwake usiku.

Na uandike barua. Ninayo moja ya baba wa Ruangwa, karatasi ya daftari tu, kaandika kwamba binti yake siku hizi anahesabu chenji dukani bila kupunjwa. Naitunza pamoja na vyeti vyangu.

Mtumishi, Lindi Mjini

Shemeji ana hoja. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimbani mpokeaji peke yake, anayetoa ili apendelewe naye ana kosa. Najua nia yako ni shukrani tu. Ila TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, hawawezi kuingia moyoni mwako, watatazama kiasi, wakati na usiri. Fedha taslimu, ndani ya bahasha, kwa mwalimu anayekaribia kumpokea mtoto wako mwingine: vyote vitatu vimekukalia vibaya. Kwa huyu mkubwa hofu ni ndogo, mtihani wa taifa wa darasa la nne uko chini ya NECTA, Baraza la Mitihani, si chini ya mwalimu wake. Huyo mdogo ndiye anayebadilisha hesabu.

Mzee wa Newala

Wanangu, mnaogopa kupita kiasi. Enzi zetu huku juu Makondeni maji yalikuwa ya kufuata bondeni, na mwalimu alikuwa mgeni, katoka mbali, hana ndugu. Wazazi walimtuma mtoto ampelekee ndoo ya maji, mihogo, ming'oko, vile viazi vya porini, ikichimbwa na yeye anapata fungu lake. Hakuna aliyeita rushwa. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Binti yangu, peleka korosho zako bila hofu.

Ticha wa Nachingwea

Shikamoo mzee. Ya maji na mihogo sikatai hata kidogo, maana kijiji kizima kilileta na kijiji kizima kilijua. Ninayoikataa ni bahasha ya mzazi mmoja.

Mama Dagaa, Kilwa Masoko

Mimi naomba nisemee hilo la kundi, maana linaniuma mpaka leo. Mwaka jana kwenye kundi letu, shule siitaji, mweka hazina alikuwa anabandika orodha kila jioni: fulani katoa, fulani bado. Ilikuwa siku za mbalamwezi, dagaa hawapatikani, mfukoni sina hata elfu mbili. Mwanangu akaiona orodha kwenye simu ya jirani. Siku ya kukabidhi zawadi aligoma kwenda shule, akasema tumbo linamuuma.

Elimu bila malipo imeanza 2016, mzazi hapaswi kulazimishwa mchango, sembuse wa zawadi. Mama Wawili, wewe una sauti kwenye hilo kundi. Waambie achange mwenye nacho kwa kiasi chake, mtu mmoja apokee, orodha isibandikwe, na zawadi itoke kwa wazazi wote wa darasa. Mwalimu hana haja ya kujua nani katoa na nani hakutoa.

Binti Masasi

Naunga mkono. Na wale walimu wengine je? Kitenge kikienda kwa mmoja, wenzake ofisini watabaki wanatazamana. Korosho ziwe za ofisi nzima. Tarehe 5 Oktoba ilikuwa Siku ya Walimu Duniani, shuleni kwetu hakuna mzazi aliyekwenda kusema hata asante.

Mama Wawili, Mikindani

Asanteni sana jamani, na mzee wangu wa Newala shikamoo. Bahasha nimeiacha, baba watoto kafurahi. Bibi yao amesema korosho atazichoma na kuzibangua mwenyewe, ziwe za ofisi nzima. Kitenge namsikiliza kwanza mwalimu mkuu. Mama Dagaa, hoja yako naipeleka kwenye kundi leo hii usiku, na pole sana kwa yaliyokukuta. Barua naandika, na mtoto ataandika aya yake mwenyewe. Ticha, nimpe mwalimu au nimpe mwalimu mkuu?

Ticha wa Nachingwea

Andika nakala mbili. Moja ya mwalimu mwenyewe, nyingine ya mwalimu mkuu, umwombe aiweke kwenye jalada la huyo mwalimu. Taja kazi aliyoifanya: kwamba alimbakiza mtoto baada ya vipindi, bila malipo, mpaka akajua kusoma, na hiyo habari ya stakabadhi ya bibi usiiache. Ukiandika "asante kwa yote", mwalimu mkuu hatajua alifanya nini.