Safari ya Mama Maskati

Zuhura (Maskati): Asalaam alaykum nyote. Tiketi ya Mama imetoka. Alhamisi, Unguja 16:00, kufika Maskati 22:10. Moja kwa moja, hakuna kubadilisha ndege.

Khamis: Waalaykum salaam. Masaa sita na dakika kumi? Mbona nasikia watu husema matano.

Zuhura: Matano na dakika kumi, kaka. Tiketi huandika saa ya mahali. Hiyo 22:10 ni ya huku, na sisi tuko mbele yenu saa moja.

Mama: Sasa mimi nifate ipi? Mmoja kanambia saa kumi, mwengine kumi na sita.

Khamis: Shikamoo Mama. Toa sita tu. 16:00 ni saa kumi jioni. Huko utafika saa nne na dakika kumi usiku, saa ya kwao.

Mama: Marahaba. Haya.

Salim: Ya kurudi naona 09:00 mpaka 13:15. Masaa manne na robo! Kurudi ndo ina mbio?

Khamis: Inateremka kusini, haina mlima 😂

Zuhura: Msimpoteze Mama. Saa ile mliyotupa wakati wa kuja ndo mnairudisha. Ni masaa matano na robo.

Ami Said: Kilomita kama 3,900 hizo, kwa mstari ulionyooka. Wazee wetu walikuja kwa jahazi na kaskazi, na kurudi lazima wangoje kusi. Ukikosa msimu, unakaa. Leo mnagombania robo saa.

Salim: Shikamoo Ami. Lakini 3,900 kwa mwendo wa 850 ni masaa manne na nusu na kidogo. Nyengine inakwenda wapi?

Khamis: Ndege haianzi na 850, we! Inatambaa uwanjani, inapanda, mwisho inapunguza mwendo ishuke. Wanahesabu tangu inatoka kituoni mpaka isimame.

Mwanaidi: Mimi nimeona ya kupitia Dubai, rahisi zaidi. Bado tunaweza kubadilisha?

Zuhura: Hapana dada. Dubai na hapa ni kilomita kama 350, kuruka si kitu. Kungoja uwanjani ndiko kunakokula siku nzima. Na magoti ya Mama unayajua.

Mwanaidi: Kweli. Nimenyamaza.

Mama: Magharibi itanikuta angani?

Ami Said: Itakukuta. Wewe msafiri, ukifika utaichanganya na Isha.

Mama: Alhamdulillahi. Kisamvu nshakigandisha. Na achari ya mbirimbi chupa mbili, ntaishika mkononi isivunjike.

Zuhura: Mama, mkononi watakunyang'anya pale pa ukaguzi! Iweke begi kubwa. Funga nailoni mbili, kisha izungushie kanga.

Khamis: Kanga za kuvaa usizungushie. Mafuta ya achari yakishaingia hayatoki.

Zuhura: Na dawa za presha zikae kwenye mkoba, zisiende begini.

Salim: Mama, ntakupitia saa sita na nusu mchana. Saa saba uwe uwanjani.

Mama: Ntakuwa tayari tangu saa nne.

Zuhura: Na pweza mkavu je?

Mama: Huyo muulize Khamis. Jana kalala na sahani mbili.

Khamis: Ntanunua mwengine kesho Darajani 🙏🏾