Fuso ikivuja dizeli kidogo tu, jibu la mafundi ni "pampu imekufa". Mtatuibia mpaka lini?

Wakuu, nimechoka na leo siremba.

Nina Fuso ya zamani, injini 6D16, ile yenye pampu ya dizeli ya plenja sita (vipistoni vidogo vinavyosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli, zile zinazoipuliza ndani ya injini), haina kompyuta wala sensa ya kusingizia. Inabeba viazi kutoka Njombe kwenda Dar. Ikaanza kuvuja: pampu imelowa, matone yanashukia kwenye chesisi, na asubuhi dereva anapiga starta mpaka betri inakaribia kwisha. Nikaipeleka gereji moja, jina naliacha. Fundi mkuu akachungulia, akapitisha kidole, akanusa. Hukumu ikatoka palepale: pampu imekufa, ishushwe.

Ikashushwa. Ikabadilishwa sili na oringi, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje, ikapimwa kwenye mashine, ikarudi inang'aa. Bili naomba msiniulize. Gari inarudi tupu kutoka Dar, haijamaliza kupanda Kitonga, pampu imelowa tena vilevile!

Sasa wale wanaojiita mafundi wanisikilize. Mafuta yanateremka. Panapolowa si lazima ndipo panapovuja. Juu ya pampu kuna paipu inayotoka kwenye filta, imefungwa kwa bolti yenye tundu na washa mbili za shaba. Washa ya shaba ikishakazwa inabonyea na kuwa ngumu, ukiirudisha haizibi vizuri. Ama uweke mpya, ambayo bei yake ni ya soda, ama uipashe moto mpaka iwe nyekundu, ipoe, uisugue. Hawa walirudisha zilezile za zamani wakapaka silikoni juu yake. Silikoni kwenye njia ya mafuta! Dizeli inailainisha, inamenyeka vipande, na pale ni baada ya filta, kwa hiyo kipande kikiingia hakuna cha kukizuia kisifike kwenye plenja na nozeli.

Na kabla ya "kutafuta" panapovuja waliiosha injini kwa nini? Kwa dizeli. Unatafutaje dizeli kwenye injini uliyotoka kuimwagia dizeli?

Aliyemaliza kazi ni mzee mmoja Makambako, fundi wa kando ya barabara, hana hata bango. Akaosha kwa sabuni na maji, akakausha kwa upepo wa kompresa, akapaka unga wa chaki kuanzia filta mpaka pampu. Injini imezimwa, akamwambia utingo apampu kwa mkono. Chaki ikaanza kulowa kwenye ile bolti, ikachora mstari hadi juu ya pampu. Basi. Ndiyo hiyo "pampu iliyokufa".

Ugumu wa kuwaka asubuhi ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa. Kutoka tanki hadi pampu ndogo ya kuvuta, mafuta yananyonywa. Mpasuko wa upande huo haudondoshi kitu injini ikiwa inaunguruma, unavuta upepo. Usiku mafuta yanarudi tankini, asubuhi unaanza kutoa upepo. Mzee akaning'iniza kidumu cha dizeli safi juu kuliko pampu, akaunganisha kwa mpira unaoonyesha ndani. Gari ikawaka mara moja, hakuna povu. Kwa hiyo kosa liko upande wa tanki. Akafuata mpira, akaukuta umepasuka chini ya klempu. Akakata, akafunga upya.

Nikarudi gereji kudai changu. Eti "mafuta ya siku hizi yanakula sili". Ukweli kidogo upo: Marekani walipopunguza salfa kwenye dizeli mwaka 1993, sili za pampu za zamani zilianza kuvuja. Lakini sili za pampu yangu si ndizo mlizotoka kunibadilishia kwa pesa yangu? Na kama mlishuku pampu, mbona hakuna aliyechomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili? Pampu ndogo ya kuvuta ikichakaa kwa ndani, dizeli inapenya kwenye oili, kipimo kinapanda na oili inanuka dizeli. Ya kwangu ilikuwa safi kabisa.

Halafu yule kijana wao alikuwa anapapasa paipu za nozeli kwa vidole injini ikiwa inawaka, na bosi wake anamtazama tu. Mle presha inapita bar 150, tundu la sindano linatosha kuingiza dizeli chini ya ngozi, na hapo mkono unaweza kukatwa. Pitisheni kipande cha boksi, jamani. Boksi!

Pesa wamegoma kurudisha. Wanasema kazi ya kushusha pampu "ilifanyika". Nilichonacho ni risiti ya kuandikwa kwa mkono tu, "matengenezo ya pampu", na spea za zamani hawakunirudishia. Kuna aliyewahi kulipeleka jambo kama hili Tume ya Ushindani (FCC), wanaopokea malalamiko ya walaji, akasikilizwa? Au na risiti ya namna hii nitazungushwa tu?