Gemu za kucheza watu wengi sebuleni kwa pamoja, tofauti na mpira?

Kijana_wa_Tabata:
Habari za mchana wakuu, naombeni msaada kwa mnaojua gemu. Nyumbani kwetu sikukuu ikifika tunajaa, binamu wanatoka Morogoro na Tanga, washkaji wa mtaani nao wanakuja, unakuta sebuleni tuko nane mpaka kumi na tivii moja na PS4 moja (mashine ya gemu) yenye pedi mbili za kuchezea. Miaka yote tunacheza mpira tu, na utaratibu ni ule ule wa anayefungwa anapisha, sasa kuna binamu yangu mmoja hafungwi, anakalia pedi kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, mtu unasubiri lisaa lizima unaingia unapigwa tano unatoka. Dada zangu na shemeji ndio kabisa hawagusi, wanaishia kwenye simu zao. Idi iliyopita mdogo wangu wa miaka 11 alisubiri zamu mpaka akalala pale pale kwenye mkeka, iliniuma sana.

Nataka gemu tutakazocheza wengi kwa wakati mmoja humo humo ndani, sio za onlaini, na hata ambaye hajawahi kushika pedi aelewe ndani ya dakika tano. Ikiwezekana nisinunue pedi nyingine mbili kwa mpigo maana bajeti imebana. Natanguliza shukrani.

SupuYaVitunguu:
Mkuu tafuta Overcooked. Mnakuwa wapishi jikoni, oda zinaingia juu ya skrini na muda unakimbia, mmoja anakatakata, mwingine anaweka kwenye sufuria, mwingine anaosha vyombo, mwingine anapeleka sahani dirishani. Supu ya vitunguu inataka vitunguu vitatu kwenye sufuria moja, mkiisahau inaungua jiko linashika moto na mtu inabidi akimbilie mtungi wa kuzimia moto. Mnashindana na saa, sio nyie kwa nyie, kwa hiyo hakuna anayetolewa. Vitufe vyenyewe vichache, kuokota, kukata, kukimbia, basi.

Halafu sikiliza hili maana ndio shida yako: pedi moja wanacheza watu wawili, mmoja anashika upande wa kushoto mwingine wa kulia, kila mtu na analogi yake (kile kifimbo cha kumtembezea mchezaji). Kwa hiyo hizo pedi zako mbili tayari ni watu wanne, hununui kitu. Ya kwanza ilitoka 2016 na ya pili 2018, kwenye ya pili unaweza kumrushia mwenzako kitunguu au nyama kutoka mbali na hilo linabadilisha mchezo sana. Kwenye ya kwanza kuna jiko liko juu ya malori yanayotembea, yakiachana unajikuta umebaki upande usio na sahani na supu iko tayari.

Mama yangu mdogo ni mama ntilie, hajawahi kushika pedi maisha yake yote, siku hiyo alikuwa amekaa tu pembeni anatuangalia tunavyohangaika, akaanza kutupanga, wewe osha, wewe kata, wewe usitoke hapo kwenye moto, tukapata nyota tatu kwenye levo iliyokuwa imetushinda wiki nzima. Tangu siku hiyo hatuchezi bila yeye kuwepo.

Mama_Junior:
Hapo juu umesema kweli ila umeacha kitu kimoja. Overcooked ikifika mbele inakuwa ngumu, na yule mzoefu anaanza kumfokea mgeni, mbona husogei, mbona umeshika nyanya badala ya sahani, mgeni anaweka pedi chini na hairudii tena. Kwetu wifi yangu alikasirika kweli kweli mpaka chakula cha usiku alikuwa hasemi. Mdogo wangu ushauri wangu huyo binamu asiyefungwa mpe kuosha vyombo, nasema kwa nia njema kabisa, akiwa huko hawezi kuamrisha watu, na yule mwenye miaka 11 ndiye akae kwenye kutoa oda maana ndiye ataona mfululizo wote. Na msiruke levo za mwanzo hata kama mnaziona rahisi.

rakuni_mweusi:
Mimi naongezea Ultimate Chicken Horse, mpaka watu wanne. Mnakuwa kuku, farasi, kondoo na rakuni, kila raundi kila mtu anachagua kitu kimoja anakiweka uwanjani, inaweza kuwa ubao wa kukanyagia au mtego, halafu wote mnakimbia kufika kwenye bendera. Ujanja uko hapa, wote mkifika hakuna anayepata pointi maana njia ni rahisi mno, na wote mkifa vile vile hakuna pointi. Yaani inabidi uiharibu njia lakini wewe mwenyewe uweze kupita. Ndio maana yule fundi wa mpira hapa hatambi, mtu aliyeanza leo anaweza kuweka msumeno sehemu mbaya akawamaliza wote. Hii tu haina kugawana pedi nusu nusu kama Overcooked.

Gang Beasts nayo nzuri kwa watoto, vijitu laini kama jeli vinavutana kutupana chini kutoka ghorofani, haihitaji maelezo yoyote.

Bi_Nuru:
Wanaokaa na simu waacheni na simu zao, simu ndio iwe pedi. Drawful 2, watu watatu mpaka wanane, gemu inakuwa kwenye PS4 na kila mtu anafungua brauza ya simu yake anaandika jackbox.tv na kodi (msimbo wa kuingilia) inayoonekana kwenye tivii. Unapewa maneno ya ajabu uyachore kwa kidole, mchoro unatokea kwenye tivii, wengine wanaandika jina la uongo la huo mchoro, halafu wote mnachagua lipi la kweli. Ukimdanganya mtu unapata pointi.

Maneno yake ni ya Kiingereza na mengi ni mambo ya Marekani, wazee wanachoka haraka. Lakini kuna sehemu ya kutengeneza ya kwenu wenyewe, sisi tuliandika "konda amesahau chenji", "bibi anamkimbiza jogoo", "shemeji kala ubwabwa wa wageni", hapo ndipo mpaka babu akaomba simu. Intaneti inahitajika, hotspoti ya simu moja ilitutosha.

Fundi_Analogi:
Ukija kununua pedi, PS4 inapokea mpaka nne. Nilishauziwa mbili za bei chee, wiki ya pili analogi ikaanza kujisogeza yenyewe mchezaji anatembea bila kuguswa. Kabla hujalipa omba uijaribu, mwache mchezaji asimame dakika moja bila kugusa kitu, akisogea achana nayo. Na kwenye setingi za tivii washa "game mode", bila hivyo ukibonyeza kitufe kitendo kinachelewa na anayeanza anadhani tatizo ni yeye.

Kama pedi ni moja tu kuna Keep Talking and Nobody Explodes. Mmoja anaona bomu kwenye tivii, wengine wanageukia ukutani na kitabu cha maelekezo, wanamwambia akate waya upi kabla muda haujaisha. Kitabu ni bure kwenye tovuti yao, kurasa 23, nenda steshenari katoe kopi mbili. Kiko kwa Kiingereza kwa hiyo anayekisoma awe mwepesi wa kutafsiri.

Kijana_wa_Tabata:
Wakuu nimerudi kutoa mrejesho. Nimechukua Overcooked 2 na Drawful 2, pedi sijanunua. Tulianza saa kumi, mpira haukuwashwa kabisa. Pedi nusu nusu vidole vinagongana mwanzoni ila levo ya tatu tulishazoea. Binamu nimemweka vyombo kama dada Mama_Junior alivyosema, na alikaa huko kwa raha zake, mdogo wangu kwenye oda anaziita kwa sauti mpaka jirani akachungulia. Saa nne usiku nilimwambia akalale akakataa.

Sasa SupuYaVitunguu nakuuliza, majiko yanayogawanyika katikati ya levo mnajipanga vipi, mnaacha mtu mmoja kila upande au mnahamia wote? Kesho wanakuja tena.