Leseni ya saikolojia California: saa 36 zote za webina zinakubalika?

Mtazamo_Pwani: Wadau habari. Leseni yangu inaisha siku ya mwisho ya mwezi wangu wa kuzaliwa, ambao ndio ujao. Nina vyeti vya webina vya saa 36 za mafunzo endelevu, zile zinazotakiwa ili kuihuisha. Navipakia kwenye BreEZe (mfumo wa leseni wa mtandaoni wa California) ninapolipia, au navituma kwa posta? Na tarehe ikipita kuna siku za nyongeza?

Daftari_la_Bodi: Usilipe kwanza mkuu, saa hazijatimia. Utaratibu mpya ulioanza 2023 una mafungu manne ya shughuli, na lazima uchote angalau kwenye mawili. Kozi na webina za watoaji wanaotambulika mwisho wake ni saa 27, hata ukiwa na vyeti vya saa 50. Wengi hunasa hapo kwa kuwa zamani zilitosha peke yake.

Saa 9 zako zilizobaki zinapatikana ndani ya mwezi. Vikao vya kujadili kesi na wenzako vinahesabika hadi saa 18, mradi vimepangwa. Soga za koridoni hazimo. Njia nyingine ni kufuatilia matokeo ya tiba, mfano kwa kurudia PHQ-9 (dodoso fupi la dalili za sonona) na mteja yule yule: mteja mmoja saa 1, hadi 9. Kumbukumbu ziandike kwa namba ya jalada, jina la mteja lisitokee. Kongamano lisikudanganye, siku nzima ya kuhudhuria ni saa 1 tu.

SheriaNaKochi: Kuhusu vyeti: hupakii wala hutumi. Unapohuisha unaweka alama kwamba umetimiza saa, na alama hiyo ni kiapo. Ukaguzi huja baadaye kwa baadhi ya watu, kwa hiyo tunza kila kitu miaka 4: tarehe, aina ya shughuli, jumla ya saa. Cheti bila tarehe ni karatasi tu.

Siku za nyongeza hakuna. Leseni ikiisha usiku, asubuhi huruhusiwi kuona mteja, bima inaweza kugoma kulipa, na kama unasimamia mwanafunzi, saa zake za kipindi hicho ziko hatarini. Faini ya kuchelewa ndiyo ndogo kuliko yote. Ikikaa miaka 3 bila kuhuishwa inafutwa, unaanza maombi upya.

Mtazamo_Pwani: Asanteni sana. Sheria na maadili ninazo saa 4, ila za tofauti za kitamaduni na haki za jamii ni 2.

Daftari_la_Bodi: Hizo nazo zinatakiwa 4, ndani ya zile 36, si juu yake. Si lazima ziwe webina: vikao viwili vya saa moja na wenzako kuhusu, tuseme, kufanya tathmini kwa kutumia mkalimani, vinaziba pengo, na vinaingia kwenye zile 9. Usipowahi, omba leseni isiyotumika badala ya kuweka alama ya uongo. Hutaona wateja, lakini leseni haifi, na utairudisha ukishakamilisha saa.