Kutembea juu ya magenge kutoka Kizimkazi hadi Makunduchi: siku gani, njia ipi?

Mwana_wa_Fuoni

Assalaam alaykum wanajamvi. Tunajipanga watu saba kutembea kwa miguu pwani ya kusini ya Unguja. Tuanzie msikiti wa Kizimkazi Dimbani, tupite Mkunguni, tushike juu ya magenge, yaani kuta za mwamba zilizo juu ya bahari, hadi ufukwe wa Mtende, na nguvu zikibaki tumalizie Makunduchi. Wawili kati yetu wamevuka miaka sitini lakini ni watembeaji.

Naomba wanaoijua pwani ile wanijuze: tuchague siku gani na tuanze saa ngapi, kuna njia inayofuatika au ni kukisia, wapi pa kusimama kutazama bahari, na msikitini tunaingiaje bila kukera watu. Kama kuna pahala watu huumia, nitajieni pamoja na sababu yake, maana "kuweni waangalifu" peke yake haitufai.

Maji_Mafu

Waalaykum salaam. Anza na mwezi, saa itakuja yenyewe. Ufukwe wa Mtende ni kipande kidogo cha mchanga kilichobanwa na kuta mbili za jiwe. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita siku nyingine, yakijaa, mchanga unabaki ukanda mwembamba chini ya ngazi, na mtu aliyetembea asubuhi nzima anakuta hana pa kuweka mguu.

Siku ya mwezi mosi na ya mwezi kumi na tano, nahesabu siku za mwezi mwandamo, maji hukupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata, saa hizo husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo mwezi tatu, au kumi na saba, maji hukauka saa 6 kasoro. Hizo ndizo siku zenu. Mkianza Dimbani saa 1 asubuhi, mtafika Mtende kati ya saa 4 na nusu na saa 5 na nusu, bahari iko nje, mchanga umelala wazi na yale mawe yenye umbo la uyoga yamesimama makavu. Chukua mwezi pili hadi nne, au kumi na sita hadi kumi na nane.

Siku ya mwezi saba na ya mwezi nane msiende. Hayo ni maji mafu, bahari haitoki sana, na maji kupwa yenyewe huangukia saa 9 au 10 alasiri, wakati mnaotaka kuwa njiani kurudi. Siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kukauka hufika karibu mita 4. Ndiyo maana jiwe ulilolikalia saa 5 ukitafuna embe, saa 10 jioni halionekani tena.

Halafu upepo. Pwani ile inatazama kusi uso kwa uso. Kuanzia Juni hadi Septemba wimbi linapiga chini ya genge na rasharasha inapanda mpaka juu, jiwe linalowa na kuteleza. Agosti na Septemba zina heri yake, ndio wakati nyangumi wanapita, lakini mtawatazama kutoka mbali na ukingo. Kaskazi, kati ya Desemba na Februari, bahari ni tulivu ila jua ni kali mno na jiwe linarudisha joto. Masika vijia vinafunikwa na majani, huoni unakokanyaga.

Jiwe_la_Uwanda

Bwana Maji_Mafu kamaliza habari ya bahari, mimi niseme ya nchi kavu.

Njia moja iliyochongwa kutoka mwanzo hadi mwisho hakuna. Kuna vijia vya wavuvi na vya wakata kuni, vinakwenda baharini na kurudi, na baadhi vinaishia kwenye ukingo mtupu kwa sababu mvuvi alikuwa anashuka hapo na mshipi wake tu. Kutoka Dimbani hadi Mkunguni ni kilomita 2 na kitu, rahisi, mtu hupita pwani maji yakiwa nje au barabarani. Baada ya Mkunguni mambo hubadilika. Hoteli zimeshika juu ya magenge, kuta zao zinafika karibu na ukingo, na hapo msijibane kati ya ukuta na bahari. Zungukeni nyuma kwa barabara, mtapoteza dakika 15 na hamtapoteza mtu.

Mbele ya hapo ndiko uwanda wenyewe, ardhi ya jiwe la tumbawe na vichaka. Piteni kwa sheha wa Mkunguni, yule kiongozi wa serikali wa mtaa, mwambieni mnakwenda wapi, akupeni kijana wa kuwaongoza. Malipo yapatanwe kabla ya kuondoka. Kijana anajua kijia kipi kimeota miiba mwaka huu na konde la nani halipitwi. Zile kuta fupi za mawe mtakazoziona ni mipaka ya mashamba. Msizipande, mawe yamepangwa bila chokaa, ukikanyaga moja yanateremka kumi.

Sasa ukingo. Jiwe lote lile lilikuwa tumbawe hai chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, na bahari iliposhuka likabaki juu. Inameni mtazame karibu: mtaona mikunjo ya matumbawe kama ubongo wa mbuzi, na magamba ya chaza yamekwama humo, hayajasogea. Jiwe hili ni gumu juu na linaliwa chini. Wimbi pamoja na wadudu wa baharini wanaotoboa mwamba hulichimba usawa wa maji, mpaka genge linakuwa kama ubao wa meza unaotokeza mbele bila mguu. Ukisimama juu huoni utupu ulio chini yako.

Dalili ziko mbili. Ya kwanza ni ufa unaokwenda sambamba na ukingo, mara nyingi umejaa majani makavu na udongo, upana wa kidole tu. Ukiuona, upande wa baharini si pa kusimama. Ya pili ni rangi. Jiwe la zamani ni la kijivu, karibu na nyeusi, na lililovunjika karibuni ni jeupe. Chungulia kutoka pembeni, mahali genge linapopinda: ukiona vifusi vyeupe chini, hapo pameanguka si zamani na patazidi kuanguka. Kanuni ya kushika ni mita 3 kutoka ukingoni, na picha zipigwe mtu akiwa ameipa bahari uso, asirudi kinyumenyume.

Wanaoumia wengi lakini hawaanguki gengeni. Wanaumia miguu. Jiwe la uwanda lina matundu, mengine yamefunikwa na majani, mguu unazama hadi nusu ya ugoko na kingo zake ni kama wembe. Kwa hiyo viatu ni raba za soli nene zinazofunga kisigino. Ndara hazifai, na yeboyebo zinafaa ufukweni tu. Kila mtu awe na fimbo ya kugonga mbele. Atakayechanwa, asiifunge jeraha haraka. Mwosheni kwa maji safi na sabuni, sugueni taratibu mpaka chembe za jiwe zitoke, ndipo mfunge. Chembe moja ikibaki, siku ya tatu mguu unavimba. Na aliyepitwa na sindano ya pepopunda aende hospitali siku hiyohiyo.

Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu. Uwanda hauna mto wala kisima njiani, mvua inaponyesha inazama moja kwa moja kwenye jiwe.

Mkiwa kimya asubuhi msituni mnaweza kumwona paa nunga. Ni paa mdogo mwenye rangi ya udongo mwekundu, na misitu ya Mtende ni katika sehemu chache duniani alizobaki. Msipige kelele na msiondoke na mbwa.

Bint_Dimbani

Kuhusu msikiti. Nawaomba mjue kwanza kwamba watu wanasali humo kila siku, si gofu. Kwa nje unaweza kuupita, ni jengo la kawaida lenye paa la bati. Utukufu wake uko ndani, kwenye kibla. Pale pana maandishi ya Kiarabu ya hati ya Kufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, na ni katika maandishi ya zamani kabisa ya Kiislamu Afrika Mashariki. Sehemu kubwa ya jengo lililobaki ni ya ukarabati wa karne ya 18.

Yaangalieni kwa mwanga wa ubavuni, jua la asubuhi likiingia. Mikia ya herufi inapanda juu, inajisuka, halafu inachanua kama jani. Mafundi wa pwani walikuwa wakitumia tumbawe laini linalotolewa baharini likiwa bichi, maana likiwa na unyevu huchongeka na likikauka hukaza. Msiguse kwa vidole, jasho na mafuta ya mkono huliharibu jiwe.

Utaratibu: ulizeni mtunzaji nje, msubiri akufungulieni. Viatu vibaki mlangoni, miguu ioshwe. Wanaume suruali ndefu au kikoi, wanawake nguo ya kufunika mikono na kichwa. Karibu na wakati wa swala msiingie kutalii. Saa 1 asubuhi ni wakati mzuri, alfajiri imeshapita na adhuhuri iko mbali. Picha ziombwe ruhusa. Kuna kisanduku cha sadaka, tieni chochote. Pembeni pana makaburi ya zamani, piteni kando, msikae juu yake.

Wazee wa pale wakikuhadithieni habari ya mfalme Kizi na fundi wake Kazi, na nyuki waliowafukuza maadui, wasikilizeni hadi mwisho. Jina la mji linaelezwa kwa kisa hicho, na mapango ya pwani ile yana heshima yake. Mkikuta kitambaa, chetezo au ubani pangoni, ni mahali pa watu, msiingize mkono.

Mwana_wa_Fuoni

Ahsanteni sana, hii ndiyo niliyoitaka. Mawili yamebaki. Mkunguni pa kusimama ni wapi? Na tukifika Mtende tumechoka, kipande cha kwenda Makunduchi kina faida ya kukilazimisha? Mmoja wa wazee goti linamsumbua akishuka ngazi nyingi.

Jiwe_la_Uwanda

Mkunguni simameni penye mbuyu mkubwa kwanza, muanze na kivuli. Kisha tokeni nje ya rasi, mtazame magharibi: kisiwa cha Pungume kinaonekana, na maji yote yale ni ndani ya hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyotangazwa mwaka 1997. Asubuhi kabla ya upepo kuamka, pomboo huonekana kutoka juu bila kukodi boti. Tafuteni boti zilizojikusanya mahali pamoja, wao wapo karibu na hapo. Nionavyo mimi kuwatazama kutoka gengeni ni bora kwao, hawafukuzwi na injini.

Mtende hadi Makunduchi kwa ukingoni msilazimishe. Ni kirefu, vichaka vimeshona, kivuli hakuna, na mtakipita saa 8 mchana. Pandeni kijijini Mtende, mkamate gari hadi Makunduchi, mwende pwani ya huko kwa miguu. Pale bahari ni nyingine kabisa, mwamba unakaa mbali na maji kupwa yanaacha uwanja mpana. Kina mama wanalima mwani. Piteni nje ya kamba na vigingi, kamba moja ikikatwa mwani wa wiki kadhaa unaondoka na maji.

Kwa mwenye goti: ngazi za Mtende ni za kushuka na kupanda, hakuna njia ya pembeni. Abaki juu, pana pa kukaa na mandhari ya juu haipungui kitu. Bebeni noti ndogo za kiingilio na chakula. Kuogelea ni ndani ya kuta mbili tu. Ukivuka mawe ya nje kuna mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu, hasa maji yanapokupwa.

Maji_Mafu

Usafiri: Kizimkazi ni daladala namba 326, Makunduchi ni 310. Daladala za asubuhi zinakimbilia mjini, za kwenda shamba zinachelewa kujaa, kwa hiyo kuwa Dimbani saa 1 kwa 326 ni vigumu. Ama mlale Kizimkazi, ama watu saba mchange mkodi gari la kuwapeleka, na kurudi mpande 310. Makunduchi muwe barabarani kabla ya magharibi. Julai wakati wa Mwaka Kogwa magari yanajaa hadi mlangoni, siku hizo panga kingine.

Na kama goti la mzee ni la kumtia wasiwasi kweli, kuna Mangapwani, namba 102 ya Bumbwini. Pango la asili lenye maji baridi lina ngazi, lakini chumba cha watumwa, kama kilomita 2 kaskazini yake, kinafikika kwa njia ya karibu tambarare. Ni chumba cha mstatili kilichochongwa chini ndani ya mwamba na kuezekwa juu, na kilitumika kuficha watu baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa mwaka 1873. Njiani mnapita magofu ya Maruhubi, kasri aliyoijenga Barghash mwaka 1882 ikaungua 1899. Nguzo bado zimesimama, na gari linasimama karibu yake.

Mwana_wa_Fuoni

Tumekubaliana: mwezi kumi na saba, tunalala Mkunguni usiku wa kuamkia, gari litupeleke Dimbani asubuhi. Mzee mwenye goti atatembea nasi hadi Mkunguni, kisha atatangulia kwa gari Mtende, atatungoja juu. Jumatatu nampigia sheha.

Bint_Dimbani

Mwambie sheha idadi ya wanawake pia, ili mtunzaji wa msikiti aandae kanga za ziada.