Mafuta ya karafuu kwenye losheni: kiasi gani ni salama kwa ngozi?

Mama Singo: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Ninatengeneza losheni ya nazi, na kila chupa ya mililita 100 huitia matone 40 ya mafuta ya karafuu kwa ajili ya harufu. Wiki iliyopita mteja mmoja alinirudishia chupa akiwa ametokwa na vipele shingoni na kwenye mikunjo ya viwiko. Nimeshangaa, kwa kuwa bibi yangu alitusugua singo yenye karafuu tangu utotoni na hakuna aliyedhurika. Je, kosa ni la karafuu au la ngozi yake?

Makonyo: Waalaykumu salaam, dada. Karafuu ya kwenye singo husuguliwa kisha ikaoshwa, ilhali mafuta yaliyokenekwa, ambayo sehemu yake kubwa ni eujenoli, yakitiwa kwenye losheni hukaa juu ya ngozi kutwa nzima. Matone 20 hukaribia mililita 1, kwa hiyo losheni yako ina takriban asilimia 2, na wataalamu wa mafuta ya harufu hupendekeza karafuu isizidi asilimia 0.5. Afadhali upime kwa bomba la sindano, maana tone la chupa hii si tone la chupa ile.

Mfamasia wa Tanga: Hesabu hiyo ni sahihi, lakini kwa mteja huyu kupunguza pekee huenda kusitoshe. Ikiwa mwili wake umekwisha kuikataa eujenoli, hata kiasi kidogo chaweza kumrudishia vipele, na mzio wa namna hii kwa kawaida hauondoki. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya, ambao haujaipiga marufuku, umetaka tangu mwaka 2005 itajwe kwenye lebo ikizidi asilimia 0.001 katika vipodozi vya kupaka na kuacha, au 0.01 katika vya kuosha. Maneno "manukato asilia" hayamsaidii mtu anayejua kinachomdhuru. Andika "Eugenol" waziwazi. Daktari wa ngozi anaweza kuthibitisha kwa vibandiko vya majaribio mgongoni. Tena mteja amweleze daktari wake wa meno, kwani baadhi ya dawa za kuzibia meno huchanganywa na eujenoli hiyohiyo.

Mama Singo: Ahsanteni sana. Nimepima jioni hii: matone 40 ya chupa yangu ni mililita 1.6. Fedha yake nimemrudishia, na la meno nitampigia simu sasa hivi, kwa sababu aliniambia Alhamisi anakwenda kuziba jino.